Je, Wajua? Kijiko Kimoja cha Chavua

Je, wajua kwamba nyuki hatengenezi chavua? Chavua ni unga wa kiume wa ua, ule unaokuachia doa la njano kwenye shati ukipita katikati ya alizeti zilizochanua. Nyuki huuokota tu. Hujipaka unga huo mwili mzima, akajikung'uta kwa miguu, akaulainisha kwa nekta na mate, kisha akaushindilia katika vikapu viwili vilivyo kwenye miguu ya nyuma. Simama pembeni mwa mzinga asubuhi jua likianza kukolea, utawaona wanatua mlangoni wamelemewa, kila mmoja na vidonge viwili vya rangi miguuni. Vidonge hivyo ndivyo vinavyokaushwa, vikatiwa kwenye chupa na kuuzwa kama kirutubisho.

Je, wajua kijiko kimoja kina jasho kiasi gani? Kidonge kimoja kina uzito wa miligramu 5 hadi 10 hivi. Kijiko cha chai huchukua takriban gramu 5. Piga hesabu: ni vidonge 500 hadi 1,000, na kwa kuwa nyuki hubeba viwili kwa mpigo, ni safari 250 hadi 500 za kwenda mauani na kurudi.

Na safari hizo hazikuwa kwa ajili yetu. Asali ni mafuta ya injini ya nyuki wakubwa. Chavua ni chakula cha majana, watoto wa nyuki walio ndani ya masega. Nyuki walezi wasipokula chavua, tezi za vichwani mwao hazitoi maziwa ya nyuki, na bila maziwa hayo hakuna jana linalokua. Kundi lenye nguvu linaweza kukusanya zaidi ya kilo 20 kwa mwaka, na sehemu kubwa huishia kwenye vinywa hivyo vidogo.

Je, wajua kwa nini chavua ya chupa moja ina rangi nyingi? Nyuki akitoka asubuhi kwenda kwenye mahindi, safari hiyo yote ni ya mahindi. Akienda kwenye alizeti, ni alizeti tu. Aristotle alikwisha kuliona jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Kwa hiyo kila kidonge kwa kawaida kimetoka kwa mmea wa aina moja, na kila rangi ina ua lake: chungwa la alizeti, njano hafifu ya mahindi, na nyingine za miti ambayo mfugaji wa pale tu ndiye atakayekutajia jina. Shika neno hili, mmea gani, kwa sababu karibu kila jambo la usalama wa chavua linarudi hapo.

Je, wajua inavunwaje? Si kwa kurina. Mfugaji huweka mtego mlangoni mwa mzinga, yaani wavu au kibao chenye matundu ya milimita 5 hivi. Nyuki akijipenyeza, vidonge vinakwanguka na kudondoka kwenye droo iliyo chini. Nyuki wetu wa Afrika ni wadogo kidogo kuliko wenzao wa Ulaya, kwa hiyo mtego wa kuagiza unaweza kuwaacha wapite na mzigo wao wote. Na mzinga wa gogo au wa magome uliotundikwa juu ya mti wa mtundu kwenye misitu ya Tabora haukuumbwa kwa mtego wa namna hii. Ndiyo sababu chavua inayouzwa kwetu hutoka zaidi kwenye mizinga ya masanduku. Mfugaji mwenye utu hauachi mtego mlangoni msimu mzima. Huuweka siku chache maua yakiwa mengi, kisha anauondoa majana wale.

Je, wajua ina nini ndani? Protini kati ya asilimia 10 na 40 kutegemea ua, sukari kwa wingi, mafuta kidogo, vitamini za kundi B, madini, na rangi za mimea ambazo wanasayansi wanazipenda kwa uwezo wake wa kuzuia uchakavu wa seli. Ni chakula kizuri, hilo sibishani nalo. Lakini turudi kwenye kijiko chetu cha gramu 5. Hata tukisema robo yake ni protini, umepata gramu moja na robo. Yai moja la kuku lina gramu 6 hivi. Mama anayemnyima mtoto yai ili anunue chavua amedanganywa, na aliyemdanganya ni mtu mzima anayejua anachofanya.

Je, wajua kwamba chembe ya chavua ina ganda gumu kuliko vitu vingi vya asili? Ganda hilo limejengwa kwa sporopolenini, kitu ambacho tindikali ya tumbo haikiwezi. Chini ya Ziwa Masoko, wilayani Rungwe, matope yamehifadhi chavua ya zaidi ya miaka 40,000, na watafiti huisoma kama kitabu wakijua msitu gani ulikuwepo na lini. Ndiyo kusema tumbo lako nalo halipati yote yaliyomo. Nyuki wenyewe wana ufundi wao: huishindilia chavua kwenye matundu ya masega, wakaifunika kwa asali, ikachacha taratibu kama maziwa ya mgando. Huo huitwa mkate wa nyuki. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wanaokula sega lote pamoja na majana yake, wamekuwa wakiula mkate huo kabla hakujawa na chupa wala lebo.

Je, wajua utafiti unasema nini juu ya nguvu za wanamichezo? Mwaka 1982 huko Uingereza, waogeleaji vijana 20 walifuatiliwa kwa wiki sita, wengine wakipewa dondoo ya chavua na wengine kidonge kitupu kisicho na dawa. Kasi haikuongezeka. Jambo moja lilivutia: waliopewa dondoo walikosa mazoezi siku 4 kwa mafua na kikohozi, wenzao wakakosa siku 27. Ni dalili ya kutia hamu ya kuchunguza zaidi, lakini vijana 20 ni darasa moja lisilojaa. Mtu asiuze chupa elfu kumi kwa mgongo wa darasa moja.

Na je, wajua kilichotokea chavua ilipopimwa kwa akina mama wanaosumbuliwa na joto la ghafla baada ya matibabu ya saratani ya matiti? Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2015 uliwapa baadhi chavua iliyochanganywa na asali, na wengine asali peke yake, wakitegemea asali iwe ndiyo kidonge kitupu. Takriban theluthi mbili ya kila kundi walisema wamepata nafuu. Asali ilikwenda sambamba na chavua.

Je, wajua kuna chavua ya dukani ambayo nyuki hakuigusa? Dondoo itokanayo na nafaka ya Ulaya iitwayo rai, jamaa ya ngano, huvunwa kwa mashine. Majaribio manne ya wanaume 444 wenye tezi dume iliyovimba yalionyesha kwamba iliwapunguzia kuamka usiku kwenda kukojoa, ingawa mkojo haukutoka kwa kasi zaidi. Wauzaji wengi huyachukua matokeo hayo na kuyabandika kwenye chavua ya nyuki. Si bidhaa ile ile, haikutengenezwa vile vile, na mzee mwenye shida ya tezi dume anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa pesa yake ya pensheni.

Je, wajua kwamba kuna kampuni iliyowahi kulipishwa kwa ahadi za chavua? Mwaka 1992 kampuni ya CC Pollen ya Arizona, Marekani, ilikubali kulipa dola 200,000 kumaliza mashtaka ya tume ya biashara ya serikali. Ilishtakiwa kwa kutangaza kwamba chavua hupunguza unene, hurudisha ujana, humaliza mzio moja kwa moja, na kwamba haiwezi kumletea mtu mzio wowote.

Dai hilo la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu nimeliona likisemwa mbele yangu.

Shangazi yangu ana pumu tangu utotoni. Siku moja jirani alimletea kopo la chavua, akamwambia ni ya asili kabisa, haina kemikali, haina madhara. Nilikuwepo. Nililifungua mimi: harufu ya nyasi kavu na asali kwa mbali, vidonge vya njano, vya chungwa, na vichache vya kijani kilichofifia. Nilionja kimoja. Kinaanza na utamu, kikatawanyika kama unga wa dengu ulimini, kikamalizia na uchungu. Shangazi akala kijiko. Haikupita robo saa akaanza kujikuna viganja, kisha mdomo wa chini ukavimba, kisha nikasikia ile filimbi ya kifuani ninayoijua tangu nikiwa mdogo. Zahanati ilikuwa karibu, na muuguzi aliyekuwa zamu hakuuliza maswali mengi. Alimchoma adrenalini pajani. Nashukuru mpaka leo.

Je, wajua kwamba jambo hilo si la shangazi yangu tu? Mwaka 2012 jarida la chama cha madaktari wa Kanada liliandika habari za mwanamke wa miaka 30 aliyekula chavua kama kirutubisho. Kope na midomo vilivimba, koo likabana, akapata vipele, pumzi ikapungua. Historia yake? Mafua ya msimu wa maua, basi. Hakuwa na mzio wa chakula, wa dawa wala wa wadudu. Na tangu 1979 madaktari wa Marekani walikwisha kuripoti wagonjwa waliodhurika ghafla baada ya kula chavua ya mimea ya jamii ya alizeti.

Jamii ya alizeti! Hapo Singida, Manyoni na Itigi, alizeti na mizinga ni majirani. Asali ya huko ni fahari yetu, na chavua yake yaweza kuwa nzuri sana kwa asiye na mzio. Kwa mwenye mafua yasiyoisha kila alizeti zinapochanua, kijiko hicho hicho ni kumwaga petroli jikoni.

Je, wajua kwamba kuumwa na nyuki bila kudhurika hakukuhakikishii usalama wa chavua? Sumu ya mwiba ni ya nyuki. Chavua ni ya mmea. Mrina asali aliyechomwa miiba maelfu bila hata kuvimba anaweza kuwa na mzio wa maua, na mwingine anayeanguka kwa mwiba mmoja akala chavua salama. Watu hulichanganya hili kila siku, wakijitambulisha kwa fahari: “Mimi nyuki hawaniwezi.”

Wala kijiko cha kwanza si hakimu. Mwili huweza kukipokea leo, ukajifunza kukichukia kimyakimya, ukakipiga vita wiki ijayo.

Je, vipi kuhusu wale wanaokula chavua ili kutibu mzio wenyewe? Hoja yao haikuokotwa jalalani. Hospitalini kuna tiba ya kumzoesha mgonjwa kitu kinachomdhuru, kwa vipimo vilivyopimwa, vikipandishwa polepole, daktari akiwa karibu na sindano. Kopo la chavua halina kipimo: wiki hii limejaa mahindi, wiki ijayo limejaa kitu kingine. Chavua nyingi inayoleta mafua, hasa ya nyasi, husafirishwa na upepo, wakati nyuki hupendelea ile nzito inayonata. Unaweza kula kopo zima usikutane na adui yako. Unaweza kukutana naye kwenye kijiko cha kwanza.

Je, wajua chavua inaweza kugombana na dawa? Mwaka 2010 wafamasia wa Marekani waliripoti mzee wa miaka 71 aliyekuwa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa utulivu. Alianza kula chavua, kijiko cha chai mara mbili kwa siku. Baada ya mwezi hivi kipimo chake cha INR, ambacho kwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kilifika 7.1. Kwa kiwango hicho damu yaweza kuvuja ndani bila kujeruhiwa. Ukitumia warfarini, usionje kabla ya kumwambia anayekupima. Mwaka huo huo pia kuliripotiwa mtu ambaye figo zake zilishindwa kazi baada ya kutumia kirutubisho chenye chavua kwa miezi kadhaa. Ni tukio moja, halimhukumu kila anayekula. Ila mwenye figo dhaifu tayari ana sababu ya kukaa mbali.

Je, wajua kwamba baadhi ya “chavua ya kupunguza mwili” ilikuwa na dawa iliyopigwa marufuku? Sibutramini iliondolewa katika soko la Marekani Oktoba 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, ikaikuta ndani ya kapsuli zilizoandikwa chavua ya nyuki, ikiwemo bidhaa iitwayo Zi Xiu Tang, bila kutajwa kwenye lebo. Kufikia 2014 mamlaka hiyo ilikuwa imepokea zaidi ya taarifa 50 za madhara makubwa kutokana na bidhaa za aina hiyo. Chavua yenyewe haimkondeshi mtu. Kapsuli ikikupunguza kilo tano kwa wiki mbili huku moyo ukikudunda usiku, kilichomo si kazi ya nyuki.

Je, wajua kwamba ua lenyewe laweza kuwa na sumu? Mimea kadhaa hujilinda kwa alkaloidi za pirolizidini, ambazo huharibu ini zikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Zimo katika jamii ya marejea, mmea tunaoupanda kurutubisha shamba na ambao nyuki huutembelea kwa furaha. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo tangu Julai 2022: mikrogramu 500 kwa kilo ya chavua inayouzwa kama kirutubisho. Hapo narudi kwenye swali langu la mwanzo, mmea gani. Muulize muuzaji: mizinga ilikuwa wapi, na jirani kulikuwa na nini? Kama ni shamba la pamba au tumbaku linalopuliziwa dawa, dawa hiyo nayo husafiri na nyuki. Asiyejua mizinga iko wapi hana cha kukuambia kuhusu chupa yake.

Je, wajua chavua mbichi ina maji asilimia 20 hadi 30? Ikikaa kwenye droo ya mtego siku mbili tatu za masika, ukungu huanza, na ukungu huzaa sumukuvu, ile ile iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi. Mfugaji makini hukusanya kila siku na kuikausha kwa joto lisilozidi nyuzi 40 mpaka maji yashuke chini ya asilimia 8, kivulini au kwenye kikaushio, si juani juu ya turubai wala juu ya jiko la mkaa. Nyumbani unaweza kuipima: bana kidonge kati ya vidole viwili. Kikavu hukataa, kikikubali hupasuka kuwa unga. Kikibonyea kama ugali wa jana, au chupa ikitoa harufu ya stoo, irudishe.

Je, nani asiipokee hata akibembelezwa? Mwenye pumu au mzio wa maua ambaye hajazungumza na daktari. Mjamzito na anayenyonyesha, kwa kuwa usalama wake kwao haujathibitishwa. Mtoto chini ya mwaka mmoja, ambaye hata asali haruhusiwi, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kumpooza. Kwa Tanzania, ujue pia kwamba tangu 2019 usalama wa chakula ni kazi ya TBS, shirika la viwango, na dawa ni kazi ya TMDA, mamlaka ya dawa. Chupa inayodai kutibu kisukari au presha imejitangaza yenyewe kuwa dawa. Basi iombe namba ya usajili wa dawa.

Na mtu akishavimba midomo, akabanwa na kifua au akaanza kulegea baada ya kula chavua, usimpe maziwa, usimpe asali, usimwambie alale kwanza tuone. Kidonge cha mzio peke yake hakitoshi. Mlaze chali miguu ikiwa juu, au mkalishe ikiwa pumzi ndiyo inayomsumbua, tafuta bodaboda, bajaji au gari la jirani, na mkifika mlangoni pa zahanati tamka mambo mawili kwa sauti: amekula chavua, anahitaji adrenalini.